Mto wa Kutazama Tu

Mwanangu Raza ana tabia moja tangu utotoni: akiwa na neno zito la kuniambia, kwanza ananilisha. Alipofeli mtihani wa darasa la saba alirudi nyumbani na bajia za moto kwenye karatasi, akaniwekea mbele kabla hata hajavua viatu. Alipotaka kumwoa Shahnaz, ambaye wakati huo mimi sikumtaka, aliniletea kikapu kizima cha halua. Kwa hiyo mwaka ule wa 2011, nilipokuja Toronto kuwasalimia, na kila nikiuliza narudi lini Korogwe naletewa sahani, nilijua pana jambo. Mimi ni mzee, si mjinga. Nilichokuwa sijui ni jambo gani.

Jina langu Zebunissa. Nimezaliwa Korogwe, nimeolewa Korogwe, mume wangu Jalaludin alifia Korogwe, na nyumba aliyoniachia iko pale pale karibu na soko, duka mbele, ua nyuma, na ukiteremka kidogo unaukuta mto Pangani. Tulipomaliza arobaini ya mume wangu ni mimi mwenyewe niliyesema nyumba iandikwe jina la Raza, maana ndiye mwanamume niliyebaki naye. Kanada nilikuja na sanduku moja la nguo nyepesi. Nia yangu ilikuwa niwaone, niwaombee dua, nirudi kabla ya baridi. Sasa Oktoba imeingia, baridi imeshapiga hodi, na mimi bado niko Markham, pembeni mwa Toronto, katika jumba la watu watatu lenye vyoo vinne. Majirani wapo, nasikia. Wanatoka ndani ya nyumba na gari, wanarudi ndani ya nyumba na gari, mlango unajifunga wenyewe. Mchana kutwa anayeongea nami ni mashine ya kuoshea vyombo, tena inalalamika.

Siku moja mezani, kwa hasira tu, nikatamka kwamba nchi isiyo na mto siyo nchi ya kukaa mtu. Nilikuwa nimenuna kwa sababu nimeuliza tena habari ya safari yangu na nimejibiwa kwa sambusa. Basi wenzangu wakalichukua lile neno kama wamepewa cheti cha daktari. Kumbe mama anachokosa ni mto! Raza akaacha kula, uso umemng'aa. Akasema Toronto ina mto, tena mkubwa, unaitwa Humber, unakatiza mjini mpaka ziwani. Shahnaz akasema una bustani pande zote mbili. Na mjukuu wangu Sukaina, aliyekuwa chuo kikuu akisomea mambo ya mazingira, akaanza kunieleza kwa mikono miwili. Huyu mtoto, mimi bibi yake ananiita Dadima, Kiswahili anakielewa chote, huwezi kumsengenya, lakini akifungua kinywa hutoka Kiingereza. Kiingereza changu mimi kinatosha kuuza sukari na mafuta ya taa. Kwa hiyo Raza ndiye mkalimani wetu, na ni mkalimani mbovu, maana anatafsiri anachotaka.

Maandalizi yakaanza. Raza, mtu asiyetembea kwa miguu hata kupeleka taka barabarani bila kuhema, alinunua buti, kofia ya kamba, darubini, na kizibao chenye mifuko mingi ambayo hakuwa na cha kutia. Mimi nikanunuliwa viatu vya kupandia mlima. Nikamuuliza mlima uko wapi. Shahnaz akasema hakuna mlima, Mama, ila ndivyo watu wanavyovaa wakienda mtoni. Nikamwambia kwetu watu wakienda mtoni wanavua viatu. Akacheka kwa adabu, akaniongezea chai.

Kisha habari ikafika kwenye kituo chetu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kituo kiko Vaughan, barabara ya Bathurst, msikiti na imambara, ukumbi wetu wa maombolezo, na kila kitu chini ya paa moja, na sisi Wahindi Makhoja wa Tanzania na Kenya tumejaa pale tele. Watu wazuri, wakarimu, lakini kamati zimewaingia damuni. Ipo kamati ya chai na ipo kamati ya viatu vya mlangoni, tena zimenuniana. Hyderalibhai, mzee wa Arusha, mhasibu mstaafu, ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Matembezi ya Wazee. Aliposikia nakwenda mtoni alisema haiwezekani mzee aende mtoni nje ya kamati. Akaita kikao. Mtu akasoma hotuba juu ya hatari za maji, mbele yangu mimi niliyevuka Pangani kwa mtumbwi nikiwa na mimba ya huyo huyo Raza, mamba wanaota jua ng'ambo. Mwishowe ikaamuliwa Hyderalibhai aje nasi kama msimamizi wa usalama, na kweli Jumapili alikuja, kavaa fulana ya njano inayowaka na filimbi shingoni.

Sasa nitasema haki. Ule mto ni mzuri. Nilishuka garini nimejiandaa kuuponda, nikakosa kasoro. Maji si mengi, yanapita juu ya mawe kwa sauti ya chini, na pande zote miti imegeuka rangi, nyekundu, njano, mingine kama manjano yenyewe ya jikoni. Kuna miti iliyoinama na matawi yake yanagusa maji. Korongo wa kijivu alikuwa amesimama mguu mmoja, hana habari na mtu. Sukaina akatuonyesha shina lililotafunwa pande zote, akasema ni kazi ya mnyama anayeangusha miti kwa meno ili azibe maji ajenge nyumba. Nikasema huyo mnyama ana akili. Sukaina akacheka, akanishika mkono, na kusema kweli nilifurahi.

Lakini kila hatua kuna kibao, na Hyderalibhai alivisoma vyote kwa sauti. Usiogelee. Usiwashe moto. Usiwalishe ndege. Usiache njia. Nikamuuliza Raza, sasa mto huu ni wa nini? Akasema ni wa kustarehe, Mama. Yaani mto wa kutazama tu, kama vile vikombe vya kabatini ambavyo mama mkwe wangu hakuruhusu mtu anywee mpaka akafa navyo.

Na starehe zenyewe nilizishangaa. Watu wazima wanakimbia kando ya mto na hawakimbizwi na kitu. Mwingine kapachika mtumbwi juu ya gari, anazungukazunguka kutafuta pa kuegesha. Chini zaidi palikuwa na bwana kavaa suruali ya mpira mpaka kifuani, kasimama ndani ya maji na fimbo yake. Akavuta samaki, samaki kweli, wa kulisha nyumba mbili. Akampakata, mwenzake akampiga picha, kisha akamrudisha majini taratibu, karibu ambusu. Nikamuuliza Sukaina kama yule bwana ana matatizo. Raza akatafsiri, sijui alitafsiri nini, maana Sukaina alijibu kirefu na Raza akaniambia, "Ni mchezo."

Tukakaa kwenye meza ya mbao. Kwa kuwa moto ni marufuku, Shahnaz alikuwa amechoma mishkaki nyumbani alfajiri, ikaja imefungwa kwenye karatasi ya fedha, imepoa na imekakamaa. Nikaletewa mishkaki, nikaletewa muhogo wa nazi, nikaletewa kalimati, vyote kabla sijaomba hata maji. Nikamtazama mwanangu. Jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile. Nikajisemea, leo ni leo, huyu ana neno zito kuliko lile la kumwoa Shahnaz.

Sukaina naye, hana habari, anaendelea na somo lake. Akatueleza kwamba zamani kingo zile zilikuwa na nyumba za watu. Mwaka wa hamsini na nne ikaja tufani, mto ukapanda usiku mmoja, ukabeba mtaa na waliolala ndani. Baada ya hapo serikali ikakataza mtu kujenga karibu na maji, nyumba zilizobaki zikaondolewa, ndiyo pakawa bustani. Nikauliza, na wenye nyumba? Sukaina akajibu maneno mengi. Raza akatafsiri kwa neno moja, "Walihamishwa," akainamia buti zake. Nikauliza, waliulizwa? Hilo hakulitafsiri kabisa.

Hyderalibhai akaona kimya kimekuwa kirefu, na mwenyekiti hawezi kuvumilia kimya. Akajifuta mdomo, akasimama, akatoa shukrani kwa Shahnaz kwa chakula, shukrani kwa Raza kwa usafiri. Kisha akanigeukia mimi, uso umejaa wema, akasema kamati nzima ina furaha kwamba sasa Zebunissabai ni wetu moja kwa moja.

Raza akapaliwa na muhogo. Shahnaz akaanza kufunga vyombo ambavyo bado vina chakula. Hyderalibhai akatutazama mmoja mmoja, akaelewa alichofanya, akapuliza filimbi. Hakuna aliyekuwa amekosea lolote. Watu wawili waliokuwa wanakimbia wakasimama.

Nikauliza, moja kwa moja vipi? Raza akaruka juu, akasema jamani twendeni tukaone samaki, Mama hajaona samaki, wanapita mwezi huu tu. Akanishika kiwiko, akanikokota. Nilikwenda, lakini nilikwenda nimefura. Nikajiambia, akithubutu kunipa kitu kingine cha kula nitamtemea.

Wamejenga kizuizi cha zege katikati ya mto, kutoka ukingo huu mpaka ule, maji yanapita juu yake na kuanguka upande wa pili. Chini ya kizuizi palikuwa na samaki, jamani, samaki wa urefu wa mkono wangu, wanene, migongo imechubuka. Wanaruka. Mmoja anaruka, anapiga kifua kwenye zege, anaanguka. Anaruka tena. Watu wamejipanga ukingoni na kamera, akiruka mmoja wanasema "ooo", akianguka wanasema "ooo" ile ile. Sukaina akaeleza kwamba wanatoka ziwani, wanapanda kurudi pale walipozaliwa, wakifika wanataga mayai, kisha wanakufa. Wengine hawafiki. Kweli, kando walikuwepo waliokwisha kufa, wamevimba, ndege wanawadonoa macho.

Mimi niliwaona kwa jicho la jikoni, sina haja ya kudanganya. Magamba safi, ya fedha. Na sisi, kwa madhehebu yetu ya Shia, hatuli samaki asiye na magamba, na mwenye magamba naye lazima atolewe majini yungali hai. Akifia ndani ya maji ni haramu, hata awe mzuri vipi. Sasa hapo miguuni petu, kwenye changarawe, alikuwapo mmoja amekwama, maji hayamfuniki hata nusu. Anahema, mkia unapigapiga. Yaani chakula cha halali kinageuka haramu mbele ya macho yangu, na watu wazima thelathini wanapiga picha.

Nikamuuliza Hyderalibhai hukumu yake. Namjua, mtu akimuuliza hukumu hawezi kunyamaza hata nyumba ikiwaka moto. Akachuchumaa, akamkagua.

"Yungali hai, Zebunissabai," akasema. "Ila ungewahi."

Nikaingia. Nilivua vile viatu vya mlima, nikakunja gauni, nikaingia mtoni kama binadamu. Maji yalikuwa baridi ya kukata mifupa, lakini nilikuwa na hasira, sikuyajali. Nikamtia vidole kwenye mashavu, mkono mwingine mkiani, nikamwinua. Alikuwa mzito, alinipiga tumboni, mtandio ukanianguka, sikumwachia. Nyuma yangu filimbi ikalia, maana Hyderalibhai alikuwa amekumbuka kwamba yeye ni usalama. Na wale watu wa "ooo" walinyamaza wote, kamera zao zikanigeukia mimi.

Akaja kijana wa sare, mlinzi wa ile bustani. Huku hata ukikamatwa unakamatwa kwa upole. Alivua kofia, akaongea pole pole, akanionyesha kwa mikono kwamba nimshushe samaki. Sukaina alikuwa anamweleza, maneno yanakimbizana. Raza alisimama kwenye mwisho wa nchi kavu na buti zake mpya, buti za mtoni, hataki kuzilowesha.

"Mama, mwachie," akasema. "Nakuomba. Ni kosa hapa."

"Nitamwachia ukiniambia narudi Korogwe lini."

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Nikamtazama Shahnaz, akaziba mdomo kwa kitambaa, machozi tayari. Nikamtazama Hyderalibhai, akatazama miti. Hapo nikajua kwamba kila mtu anajua. Kamati ya matembezi inajua, kamati ya chai inajua, kina mama wote walionikumbatia kituoni Alhamisi wakanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, wote wanajua. Nilikuwa nadhani wamenipenda haraka kwa sababu ya tabia yangu.

"Nyumba nimeuza, Mama," Raza akasema. "Tangu Ramadhani."

Ramadhani nilikuwa mezani kwake. Nilikuwa nafuturu kwake, kila siku tambi, kila siku uji wa pilipili manga, kila siku kuku, nikimwombea dua kwa jinsi anavyonitunza.

Akaanza kulia, mwanamume wa miaka hamsini na darubini shingoni. Akasema nilianguka bafuni kule, jirani akampigia simu. Nikaanguka tena, nikamkataza jirani asimpigie, jirani akapiga tu. Akasema simu ikilia usiku anakaa kitandani dakika nzima kabla ya kuipokea, kwa sababu anajua ataambiwa nini. Akasema alijua akiniuliza nitakataa. Hilo la mwisho ndilo la kweli kuliko yote. Ningekataa.

Nilitaka kumpiga na yule samaki. Wallahi nilitaka, na nilikuwa na umbali wa kutosha. Nilimpenda na nilimchukia kwa wakati mmoja, miguu imekufa ganzi, na nikawa naufikiria mlango wa ua, ule unaokwama mvua ikinyesha, ambao mimi tu najua pa kuusukuma. Sasa mtu mwingine anausukuma. Labda ameubadilisha.

Samaki akajipinda. Nilikuwa nimemsahau. Neno langu ni neno, nikainama nikamshusha mahali penye kina. Akakaa kidogo ubavu kwa ubavu na mguu wangu, akapata pumzi, halafu akageuka akaenda moja kwa moja kupiga kichwa kwenye zege lile lile. Nikamwambia mjinga wewe. Watu wa ukingoni wakapiga makofi, sijui walikuwa wanampigia nani.

Mlinzi akanipa mkono, nikatoka. Shahnaz akavua koti lake akanifunika, na nikamwacha anifunike. Mlinzi akatoa kalamu. Raza akaniambia, huku anajifuta pua, kwamba hakuna faini, ni onyo tu, anaandika na basi. Yule kijana akaniuliza kitu mimi mwenyewe, ananitazama machoni, kwa heshima. Safari hii Raza hakutafsiri.

"Dadima," Sukaina akasema kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, "anauliza, wewe nakaa wapi."

Jibu lilikuwa mdomoni. Maisha yangu yote nimelijibu swali hilo bila kufikiri: Korogwe, karibu na soko, uliza nyumba ya Jalaludin, mtoto yeyote atakuleta. Nikalimeza. Wote wananitazama, mwanangu macho mekundu, Hyderalibhai kashika filimbi yake kwa mikono miwili.

"Mwambie Markham."

Akaandika. Kisha akauliza tena, na Sukaina akaniambia anataka jina la mtaa na namba ya nyumba. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile tangu kiangazi, na sikuwahi kuyashika. Sikuona sababu. Nikasimama pale na maji yananichuruzika, kalamu ya kijana wa watu inasubiri, ikabidi nimgeukie Raza nimuulize.